Bajeti ya kaunti haiamuliwi mwezi wa Mei

Kila mwaka ikifika Mei, simu yangu hujaa ujumbe. Kundi la akina mama, kundi la wazazi wa shule, kundi la mtaa, kote tangazo ni lile lile: kesho saa tatu asubuhi, ukumbi wa jamii, njooni mtoe maoni kuhusu bajeti ya kaunti. Watu huacha shamba, huacha duka, wakaenda. Nami huenda, kwa sababu mimi ni katibu wa kamati ya zahanati yetu na hilo ni jukumu langu. Lakini nimehudhuria vikao hivi vya kutosha, na kuna jambo ambalo natamani kila mtu wa wadi yetu alijue: tunapoitwa Mei, mengi yamekwisha kuamuliwa. Anayetaka kitu kiingie katika bajeti ya kaunti aanze Agosti, arudi Februari, na Mei aende kulinda kile alichokwisha kupata.

Ni kikao kimoja cha Mei kilichonifanya nianze kuisoma sheria yenyewe. Maafisa walikuja kutoka makao makuu, wakakaa kwenye meza ya mbele na nakala moja ya kitabu cha makadirio, kinene, cha Kiingereza kitupu. Ofisa mmoja akawa anasoma jumla za idara moja baada ya nyingine: afya kiasi hiki, barabara kiasi hiki, maji, kilimo, elimu ya chekechea. Karatasi ya mahudhurio ikapitishwa tukaweka sahihi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma yangu akainua mkono, akauliza bila kuzunguka: "Hebu mtuambie, hizi pesa zishagawanywa ama hazijagawanywa? Maana naona mnatuita sahani zishapakuliwa." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Ofisa alijibu kwa adabu, "Mzee wetu, haya ni mapendekezo tu," akaendelea kusoma.

Zamu yangu ilipofika nikaomba chumba cha kujifungulia. Wakati huo wanawake walikuwa wakijifungua katika chumba kile kile ambacho watu hufungwa vidonda, pazia likiwa ndilo ukuta, na tangi la maji nje lilikuwa limepasuka. Jibu la ofisa nalikumbuka vizuri: "Mama, ombi lako ni la haki na tumeliandika. Lakini kikomo cha idara ya afya bunge lilishakipitisha Machi. Hapa tulipofika, tukikuongezea wewe lazima tumpunguzie mwingine." Hakuwa ananidanganya. Alinieleza sheria ilivyo. Kilichonichoma ni kwamba huo mwezi wa Februari, vikomo vilipokuwa vikipangwa, hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa ameitwa.

Basi nikaitafuta Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012. Sheria hiyo ndiyo inayoziongoza kaunti zote 47 za Kenya tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na ratiba yake ina tarehe ambazo mtu anaweza kuzibandika ukutani. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni. Lakini bajeti ya mwaka mmoja huanza kupikwa karibu miezi 10 kabla. Kufikia tarehe 30 Agosti, waziri wa fedha wa kaunti hutoa waraka kwa idara zote wenye ratiba ya kazi, na humo ndani anatakiwa aeleze pia wananchi watashirikishwa vipi. Kufikia tarehe 1 Septemba, mpango wa maendeleo wa mwaka, ule ambao maafisa huuita ADP, uwe umefika katika bunge la kaunti.

Huo mpango wa maendeleo ndio mlango. Kaunti ina mpango mkubwa wa miaka mitano, na uliopo sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mpango wa mwaka hukata kipande kutoka humo: mwaka ujao tutajenga nini, wapi, kwa makadirio gani. Mradi ambao haumo katika mpango wa mwaka una kazi ngumu kuingia katika bajeti baadaye, kwani mtu yeyote anaweza kuuliza umetoka wapi. Mradi uliomo, hata ukiwekewa pesa kidogo, una jina na una mahali pa kuanzia mazungumzo. Sheria inasema mpango huo utangazwe kwa umma ndani ya siku 7 baada ya kupelekwa bungeni. Muulizeni msimamizi wa wadi yenu nakala iko wapi. Mwaka wa kwanza nilipouliza, alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za ndugu waliyepoteana naye, lakini alinitafutia, na tangu hapo huniwekea.

Septemba ikiisha hutoka waraka mwingine, wa mapitio. Huu huangalia mwaka uliopita: kaunti ilisema itakusanya kiasi gani, ikakusanya kiasi gani, ikatumia kiasi gani. Wengi huupita, nami nawaomba msiupite. Tuseme kaunti iliandika kwamba itakusanya shilingi milioni 700 kutokana na ada za soko, maegesho, kodi za ardhi na leseni, halafu ikapata milioni 400. Zile milioni 300 ambazo hazikuja zilikuwa zimekwisha kupangiwa miradi. Miradi hiyo iko kwenye kitabu, bunge limeipitisha, gavana ametia sahihi, na haitajengwa. Ukiona mwaka huu wameandika tena milioni 700, au wamepandisha, jua kuna miradi ya karatasi. Hili ni swali la kuuliza kwenye kikao, tena kwa tarakimu, na nimeona maafisa wakijibu kwa uangalifu sana mtu akiuliza hivyo.

Sasa Februari. Kufikia tarehe 28 Februari, hazina ya kaunti hupeleka bungeni waraka wa mkakati wa fedha, na bunge lina siku 14 za kuujadili na kuupitisha. Waraka huu hautaji zahanati yako wala daraja lako. Hutaja vikomo: idara ya afya isizidi hapa, idara ya maji isizidi hapa. Ni ukurasa mmoja au miwili ya jedwali, na katika mwaka mzima wa bajeti sijui ukurasa wenye nguvu kuuliko. Sheria inataka hazina izingatie maoni ya wananchi inapouandaa. Na kuna Jukwaa la Bajeti na Uchumi la Kaunti, ambalo gavana ndiye mwenyekiti wake, na ndani yake mawaziri wa kaunti wanatakiwa wakae na idadi sawa ya watu wasio watumishi wa kaunti: wataalamu, wafanyabiashara, wafanyakazi, wanawake, watu wenye ulemavu, wazee, watu wa dini. Watu hao wanakaa pale kwa niaba yetu. Tafuteni majina yao. Mimi nilipompata mama aliyekuwa akiwakilisha wanawake, nikagundua ni mtu ninayekutana naye sokoni, na hakuna aliyewahi kumpelekea jambo lolote.

Kwa nini nasema ukurasa huo una nguvu? Kwa sababu ya kanuni za mwaka 2015 zilizotungwa chini ya sheria hiyo. Kanuni zinasema bunge la kaunti linapobadilisha makadirio, ongezeko au punguzo katika fungu moja lisizidi asilimia 1 ya kikomo cha fungu hilo. Chukua idara yenye kikomo cha shilingi bilioni 2. Asilimia 1 ni milioni 20. Katika wadi 20 au 30 zenye mahitaji yote mnayoyajua, kuanzia wakati huo bunge linaweza kuongeza au kupunguza milioni 20 tu katika idara hiyo nzima. Na sheria yenyewe inadai kila kinachoongezwa mahali kipunguzwe mahali pengine. Ndiyo maana maneno ya yule ofisa wa Mei yalikuwa kweli tupu.

Kabla sijaingia Aprili, niseme kidogo kuhusu pesa zinakotoka, maana bila hilo mtu hawezi kuelewa kwa nini bajeti hutetereka. Katiba ya mwaka 2010 inazipa kaunti angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Taifa. Kwa kaunti nyingi, mgao huo kutoka Nairobi ndio uti wa mgongo. Mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zote kwa pamoja zilitengewa shilingi bilioni 415. Mwaka uliotangulia ulikuwa wa msukosuko: kaunti zilipanga zikitegemea bilioni 400.1, kisha Mswada wa Fedha wa 2024 ukaondolewa baada ya maandamano ya Juni, serikali ikasema mapato yamepungua, Bunge la Taifa likataka bilioni 380, Seneti ikakataa, na baada ya mvutano mrefu wakakubaliana bilioni 387.4. Kaunti zilikuwa zimekwisha kupitisha bajeti zao. Ikabidi zikate. Na ukataji ukija, haukati mishahara, unakata miradi ya maendeleo, na ndani ya maendeleo unakata kwanza ile ambayo haijaanza.

Tarehe 30 Aprili makadirio yenyewe hufika bungeni. Kitabu hiki ndicho kinacholetwa kwetu Mei. Kina mafungu mawili makubwa: matumizi ya kawaida, yaani mishahara, dawa, mafuta ya magari, na matumizi ya maendeleo, yaani ujenzi na vifaa vya kudumu. Sheria inataka maendeleo yasipungue asilimia 30 ya bajeti katika kipindi cha kati, yaani kwa hesabu ya miaka kadhaa, na kanuni zinataka mishahara na marupurupu visizidi asilimia 35 ya mapato. Kaunti nyingi zinavuka hicho kiwango cha mishahara, na ni jambo linalogusa zahanati yetu moja kwa moja, kama nitakavyoeleza.

Baada ya kile kikao cha pazia na tangi, kamati yetu iliamua kufuata ratiba. Agosti iliyofuata tuliandika barua. Nilitaka iwe barua ambayo ofisa hawezi kuiita malalamiko, kwa hiyo tukaweka mambo yanayopimika: zahanati iko wapi, inahudumia vijiji gani, daftari la uzazi linaonyesha wanawake wangapi kwa mwezi, hospitali ya karibu iko umbali gani na nauli ya bodaboda usiku ni kiasi gani. Tukaambatanisha nakala ya cheti cha ardhi, maana mradi bila ardhi yenye karatasi hukwama kabla ya kuanza. Nakala moja tukampa mwakilishi wa wadi, moja msimamizi wa wadi, moja idara ya afya, moja karani wa bunge la kaunti. Kwenye nakala yetu kila ofisi ikagonga muhuri wa kupokea na tarehe. Huo muhuri ulitusaidia baadaye kuliko hotuba yoyote.

Mpango wa maendeleo ulipotoka, tulikuwemo. Februari tukamfuata mama wa jukwaa la bajeti, tukamweleza kwamba kikomo cha afya kikipunguzwa ombi letu linakufa, na akina mama wa zahanati nyingine mbili wakajiunga nasi wakaandika barua yao. Kikomo hakikupunguzwa. Siwezi kusema ni kwa sababu yetu, idara ilikuwa na watetezi wengine. Lakini safari hii tulijua kilichokuwa kikijadiliwa wakati kinajadiliwa.

Na Aprili kitabu kilipotoka nikakaa nacho mezani, rula mkononi, nikifuata mstari kwa mstari kwa sababu safu ni nyingi na jicho linateleza: jina la mradi, mahali, makadirio ya mwaka huu, matarajio ya miaka miwili inayofuata. Nikaukuta mradi wa ujenzi wa wodi za wazazi, una pesa. Kwenye safu ya mahali pameandikwa zahanati mbalimbali.

Msipite hapo haraka. Fungu lenye mahali palipoandikwa "mbalimbali" ni fungu lisilo na mwenyewe. Linaweza kujenga kwako, linaweza kujenga upande wa pili wa kaunti, na wote wawili mtaonyeshwa mstari ule ule na kuambiwa "mradi wenu umo". Kwa hiyo kikao cha Mei mwaka ule hatukwenda kuomba chochote kipya. Tulikwenda na ombi moja: safu ile iandikwe majina ya zahanati. Nikasimama na nakala ya mpango wa maendeleo mkono mmoja, barua yenye mihuri mkono wa pili, nikasema, "Bwana ofisa, katika mpango mlioupeleka bungeni Septemba, zahanati hizi zimetajwa kwa majina. Katika makadirio majina yametoka. Tunaomba yarudi." Haliongezi hata senti moja, halivunji kikomo chochote, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukataa. Kamati ya bajeti ya bunge ikayarudisha majina. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi ya Mei.

Naona pia niseme jambo ambalo hupoteza nusu ya muda wa vikao vyetu. Mtu husimama akaomba madarasa ya shule ya msingi. Mwingine kituo cha polisi. Mwingine karo ya sekondari. Yote ni mahitaji ya kweli, na hakuna hata moja ambalo kaunti ina mamlaka nalo. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti, chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, maji, masoko, kilimo na mifugo, usafi na taka. Shule za msingi na sekondari na polisi ni za serikali kuu, na pesa za mbunge za eneo bunge ni mfuko mwingine kabisa. Ofisa akiwa mvivu hufurahia maombi haya, kwa kuwa anayajibu kwa sentensi moja na saa inasonga. Wazee wa mtaa wangeweza kutusaidia sana kwa kuyachuja siku moja kabla.

Baada ya Mei bunge lina hadi tarehe 30 Juni kupitisha makadirio na sheria ya matumizi. Likishindwa kufikia 1 Julai, sheria inaliruhusu liidhinishe hadi nusu ya makadirio ili huduma zisisimame, huku mvutano ukiendelea. Na mivutano ipo. Taita Taveta mwaka 2019, ugomvi kuhusu pesa ambazo wawakilishi walitaka ziende moja kwa moja kwenye wadi ulifika mahali Gavana Granton Samboja akaanza kukusanya sahihi za wananchi ili kaunti nzima ivunjwe. Makueni mwaka 2014, uhasama kati ya bunge na gavana, ambao bajeti ilikuwa kiini chake, uliishia kwa risasi kufyatuliwa katika mji wa Wote na watu kujeruhiwa. Iliundwa tume ya uchunguzi, ikapendekeza kaunti isimamishwe, na Rais Uhuru Kenyatta akakataa.

Naitaja Makueni kwa sababu nyingine pia. Kaunti hiyo hiyo, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, ndiyo iliyokuja kusifiwa nchini kwa jinsi inavyosikiliza watu wake. Vikao huanzia kijijini. Watu wa kijiji hukubaliana mambo yao makubwa, wanachagua wa kuwapeleka kwenye mkusanyiko wa vijiji jirani, kutoka hapo hadi wadi ndogo, hadi wadi, hadi kaunti. Mradi ukipitishwa, wananchi huchagua kamati ya kuusimamia. Kinachonivutia zaidi ni mpangilio huo wa kupanda ngazi, kwa sababu mwanamke ambaye hawezi kupata nauli ya kwenda makao ya wadi anaweza kutembea hadi chini ya mwembe wa kijiji chake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, inayotaka wananchi washirikishwe, ni ya kaunti zote. Hakuna kinachoizuia kaunti yetu kufanya hivyo.

Sasa niwaambie kilichotokea kwa wodi yetu baada ya bajeti kupita, maana wengi hudhani kupitishwa ndio mwisho. Pesa za kaunti huingia katika Mfuko wa Mapato wa Kaunti, na hazitoki humo bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, ofisi ambayo Dkt. Margaret Nyakang'o amekuwa akiiongoza tangu mwishoni mwa 2019. Mgao wa Nairobi huchelewa. Ukichelewa, kaunti hulipa mishahara kwanza. Wanakandarasi wa miaka iliyopita nao wanadai. Zabuni ya wodi yetu ilitangazwa mwaka wa fedha ukiwa umekwenda nusu, msingi ukachimbwa, kuta zikafika usawa wa madirisha, kisha mafundi wakaondoka.

Tulipouliza, tukajua kwamba kulikuwa kumepita bajeti ya ziada. Sheria inairuhusu kaunti kurekebisha bajeti katikati ya mwaka kwa mambo ya dharura au upungufu, na matumizi mapya yasizidi asilimia 10 ya kiasi kilichopitishwa. Hatukuitwa kwa kikao chochote. Hakuna ujumbe ulioingia kwenye simu yangu. Fungu letu lilikuwa limekatwa zaidi ya nusu, na pesa zimekwenda kulipa madeni ya wanakandarasi. Nilikasirika, na bado nina hasira nikilikumbuka, kwa sababu kazi ya karibu miaka miwili ya kamati ya wanawake na wazee wasiolipwa ilifutwa katika jedwali ambalo hakuna mwananchi aliyeonyeshwa. Mwanamke aliyejifungua nyuma ya pazia mwezi ule hakujua kwamba pesa za ukuta wake zilikuwa zimekuwapo.

Tukaandika tena, safari hii tukitumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayoitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Tuliuliza mambo matatu: fungu lilipunguzwa kwa kiasi gani, kwa uamuzi wa nani, na salio litawekwa katika bajeti ipi. Jibu lilikuja kwa maandishi na salio likaahidiwa. Limo katika bajeti ya 2025/26, nimeliona kwa macho yangu, na safu ya mahali imetaja zahanati yetu kwa jina. Mafundi wamerudi.

Kwa hiyo kwa sasa nafuatilia vitu viwili kwa wakati mmoja. Cha kwanza ni ripoti za kila robo mwaka. Kaunti inatakiwa kuzitoa, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha zake kwa kaunti zote 47, zinapatikana bure kwenye intaneti. Humo unaona idara ya afya imetumia kiasi gani katika maendeleo kufikia Septemba, kufikia Desemba. Ikifika Desemba na maendeleo hayajaguswa, harufu ya bajeti ya ziada iko karibu, na barua kwa karani wa bunge iende Januari, kabla haijaletwa.

Cha pili ni Agosti. Ndipo kaunti huandaa mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Kamati yetu imekubaliana maombi mawili. Moja ni tangi la maji la lita 10,000 na choo cha wodi, hilo ni la maendeleo na litafuata njia ile ile. La pili ni muuguzi wa pili, na hili ndilo linalonisumbua. Wodi yenye vitanda vipya na muuguzi mmoja anayelala nyumbani kwake usiku ni chumba kilichofungwa. Lakini muuguzi hayumo kwenye fungu la ujenzi, yumo kwenye mishahara, na mishahara ndiyo iliyobanwa na ile asilimia 35. Ombi lake haliwezi kusubiri jengo likamilike. Inabidi liingie kwenye mpango sasa, lisemwe tena Februari wakati kikomo cha matumizi ya kawaida cha afya kinapangwa, na lipelekwe pia kwa bodi ya utumishi wa umma ya kaunti, ambayo ndiyo inayoajiri.

Kama unatoka wadi nyingine na una zahanati yenye shida kama hii, andika barua yako wiki hii. Weka idadi kutoka kwenye daftari, weka karatasi ya ardhi, toa nakala za kutosha, na usiondoke ofisini bila muhuri na tarehe. Mkihitaji mfano wa barua yetu, niandikieni hapa chini nitawatumia.